Usiiache Ile Ndogo: Ganzi ya Miguu, Dawa za Kifua Kikuu na Vitamini B6

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa mawasiliano wa kaunti katika bustani ya Mama Ngina, Kaunti Ndogo ya Mvita, mbele ya wakazi, wachuuzi na wahamasishaji wa afya ya jamii. Yamehaririwa kidogo ili yasomeke kwa urahisi. Mwishoni tumeweka baadhi ya maswali yaliyoulizwa na majibu yake.



Nawashukuru ndugu zetu wa madafu na mihogo waliotuazima kivuli cha mibuyu hii. Wengine mnavuka kwenda Likoni na nawajua mnatazama saa, kwa hivyo sitawaweka sana.

Kwanza nijieleze. Mimi si daktari. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu katika kaunti ni kuwaletea taarifa. Haya nitakayosema nimeyapitisha kwa wenzetu wa afya kabla ya kuyaleta hapa, na hayachukui nafasi ya daktari wala muuguzi anayekuona wewe.

Jambo la leo ni ganzi. Ile ganzi inayoanzia vidoleni mwa miguu, ikawa kama siafu wanatembea, kisha nyayo zinawaka moto usiku, shuka ikigusa unaona kama umechomwa. Ina sababu nyingi. Leo nataka tuzungumzie ile inayotokana na dawa za kuua viini zinazomezwa kwa muda mrefu, hasa dawa za kifua kikuu, na vile virutubisho tunavyokimbilia kununua ili tuitibu. Kenya imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na Mombasa ni miongoni mwa kaunti zenye wagonjwa wengi. Kwa hivyo hapa tulipo, kama si wewe unayemeza dawa hizo, basi ni jirani, ndugu, au mtu mliyekaa naye kwenye matatu asubuhi.

Mkebe wa mjomba

Nitawaeleza kwa nini nimechagua jambo hili, nanyi mtanisamehe kwa sababu kosa ni langu pia.

Kabla sijaajiriwa na kaunti nilikuwa mtayarishaji wa vipindi katika redio moja. Siku moja tulimhoji muuguzi kuhusu kifua kikuu. Alizungumza dakika kumi na mbili, na nafasi yetu ilikuwa dakika nane. Nikakata. Moja ya sentensi nilizokata ilikuwa hii: kile kidonge kidogo cha vitamini wanachopewa pamoja na dawa, wasikiache. Niliona ni jambo dogo. Nikabakisha habari za kikohozi, makohozi, na kwamba matibabu ni bure.

Mjomba wangu alikuwa msikilizaji wetu wa kila siku. Alikuwa akiuza viungo Marikiti na anaishi Mji wa Kale, kwenye nyumba ya ngazi nyembamba zile mnazozijua. Baadaye akapatikana na kifua kikuu. Akaanza dawa vizuri, na mwezi wa pili kikohozi kikakoma, akaanza kunenepa. Mwezi wa tatu miguu ikaanza kumsumbua. Makubadhi yakawa yanamvuka njiani asijue, mpaka watoto wamkimbilie nayo. Msikitini akitia udhu hakuweza kujua kama maji ya bomba ni ya baridi au yamepata jua. Usiku halali.

Maneno yakawa mengi. Kuna aliyesema ni baridi ya sakafu. Kuna aliyesema ni kijicho cha watu wa sokoni. Mimi, msomi wa familia, nikaingia duka la dawa nikamnunulia chupa kubwa ya vidonge vya mishipa kwa shilingi 3,500. Sikumuuliza mtu. Nilisoma jina lililoandikwa mbele ya chupa tu, nyuma sikugeuza.

Havikumsaidia. Ndipo mjomba akaniambia, "Kikohozi kimekwisha, mwanangu. Sasa hizi dawa ndizo zinazoniua. Naziacha."

Tukamrudisha kliniki. Muuguzi hakumgombeza. Alimwambia, "Baba, kesho niletee kila kitu unachomeza. Kila kitu." Kesho yake mjomba akaja na mfuko: dawa zake za kifua kikuu, ile chupa yangu, na mkebe wa kahawa. Muuguzi akaufungua ule mkebe akaumwaga juu ya meza. Ndani mlikuwa na vidonge vidogo vyeupe. Akavihesabu: 61. Vilikuwa vile vya vitamini B6, alivyopewa pamoja na dawa tangu siku ya kwanza.

Akamuuliza, "Baba, hivi mbona hukumeza?" Mjomba akajibu, "Nikajua ni vitamini, mama. Vitamini ni za watoto. Nikawawekea wajukuu."

Hakuwa mjinga. Hakuna aliyemweleza kidonge kile ni cha kazi gani, au alielezwa siku ya kwanza, siku ambayo mtu ameambiwa ana kifua kikuu na masikio yameziba. Na mtu aliyekuwa na nafasi ya kumwambia tena, nyumbani kwake, kupitia redio yake mwenyewe, alikuwa mimi, na mimi nikakata.

Kidonge kidogo kina kazi gani

Katika dawa nne zinazotumika kuanzia matibabu ya kifua kikuu, moja inaitwa isoniazidi. Nyingine ni rifampisini, pirazinamidi na ethambutoli. Matibabu ya kawaida ni miezi 6: miezi 2 dawa zote nne, kisha miezi 4 isoniazidi na rifampisini. Isoniazidi ilianza kutumika mwaka wa 1952 na mpaka leo ni nguzo ya matibabu. Historia yake inatugusa hata sisi. Zamani mgonjwa alimeza dawa mwaka mmoja na nusu. Majaribio yaliyotoa ushahidi kwamba miezi 6 yaweza kutosha yalifanywa katika hospitali za Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo, na matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka wa 1972. Wagonjwa wetu ndio waliosaidia ulimwengu mzima kufupisha matibabu.

Lakini isoniazidi ina tabia moja. Ikiingia mwilini inajishika na vitamini B6 na kutoka nayo kwenye mkojo, na pia inazuia mwili kuigeuza vitamini hiyo katika umbo linalofanya kazi. Madaktari wawili wa Cincinnati, Marekani, walilionyesha jambo hili mwaka wa 1954. Vitamini B6, jina lake la dawa piridoksini, inahitajika na mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari kati ya ubongo na viungo. Ikipungua, mishipa inaharibika.

Kwa nini ganzi ianze vidoleni mwa miguu? Chukueni mfano wa mifereji yetu ya maji. Maji yanatoka mbali, Mzima na Baricho. Msukumo ukipungua, nani anayekosa kwanza? Ni nyumba iliyo mwisho wa bomba. Mshipa wa fahamu unaotoka uti wa mgongo hadi kidole gumba cha mguu ndio mrefu kuliko yote, na mshipa mrefu ndio unaoumia kwanza. Ukiona ganzi inapanda kutoka vidole kwenda kifundo cha mguu, miguu yote miwili sawasawa, na baadaye ncha za vidole vya mikono, hiyo ndiyo sura yake.

Si kila mtu hupata. Kuna watu ambao ini lao huivunja isoniazidi polepole, kwa kuzaliwa tu, na kwao dawa hukaa mwilini muda mrefu. Walio katika hatari zaidi ni wajawazito na wanaonyonyesha, wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wenye kisukari, wenye ugonjwa wa figo, wazee, wanaokunywa pombe sana, na wanaokula vibaya. Hapa niseme wazi: kijana anayekesha na muguka, shavu limejaa na tumbo tupu, asubuhi anameza dawa za kifua kikuu, naye yumo katika orodha hii. Muguka unaua hamu ya chakula, na mwili usiokula hauna akiba ya vitamini.

Kinga ni rahisi. Ni kile kidonge kidogo kila siku. Kwa mtu mzima kinga huwa kati ya miligramu 10 na 50 kwa siku, na kipimo kinachoonekana mara nyingi ni miligramu 25. Mtu ambaye ganzi imeshaanza anaweza kuongezewa, lakini kiasi hicho anakipanga mhudumu wa afya.

Hii inawahusu pia wasio wagonjwa. Kuna watu wanaopewa dawa za kujikinga na kifua kikuu kwa sababu wanaishi nyumba moja na mgonjwa au wana virusi vya UKIMWI. Wengine humeza isoniazidi kila siku kwa miezi 6, wengine huimeza pamoja na rifapentini mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Kama katika dawa zako kuna isoniazidi, uliza: B6 yangu iko wapi?

Chakula je?

Najua kuna atakayesema, mimi nitakula vizuri, sihitaji kidonge. Kula vizuri ni jambo jema na mgonjwa wa kifua kikuu anahitaji chakula hasa. Vitamini B6 imo katika kuku, maini, samaki, viazi, dengu na ndizi. Mtu mzima mwenye afya anahitaji takriban miligramu moja na nusu kwa siku, na chakula cha kawaida kinatosha.

Lakini tupige hesabu. Ndizi moja ya kadiri ina karibu miligramu 0.4. Ili upate miligramu 25 itabidi ule ndizi zaidi ya 60 kwa siku, mkungu mzima. Isoniazidi inachota kwa ndoo, ndizi inarudisha kwa kijiko. Kuleni ndizi, na kidonge mkimeze.

Na kuna jambo la samaki ambalo sisi wa pwani lazima tulijue. Isoniazidi inazuia mwili kuvunja kemikali moja iitwayo histamini, ambayo hujaa katika jodari na samaki wa jamii yake, hasa wakikaa bila barafu. Mtu anayemeza dawa hii akila jodari anaweza kuwekundu uso, kichwa kikamgonga, moyo ukamwenda mbio na jasho likamtoka. Wengine hudhani wamelishwa sumu. Ukiwa kwenye dawa, muache jodari mpaka umalize. Changu na tafi wako, na wawe wabichi.

Chupa ya dukani

Sasa turudi kwenye ile chupa yangu ya shilingi 3,500. Yule muuguzi aliigeuza nyuma, sehemu ambayo mimi sikuisoma. Kila kidonge kilikuwa na B6 miligramu 100, na maelezo yakasema meza viwili kwa siku. Ndani mlikuwa pia na B1, B12 na vitu vingine. Mjomba alikuwa ameacha miligramu 25 za bure, na mimi nikampa 200 za pesa, bila mtu yeyote wa afya kujua.

Jambo ambalo wengi hatulijui ni kwamba vitamini B6 ikizidi, yenyewe inaharibu mishipa ya fahamu. Ganzi ile ile, nyayo zile zile. Mwaka wa 1983 madaktari wa Marekani walieleza wagonjwa 7 waliokuwa wakimeza gramu 2 hadi 6 kwa siku, yaani miligramu 2,000 hadi 6,000, mpaka wakashindwa kutembea sawasawa. Tangu hapo kumeripotiwa watu walioumia kwa vipimo vidogo zaidi vilivyomezwa kwa miezi mingi. Hatari inakuja kwa kujumlisha: kidonge cha mishipa kina B6, dawa ya nguvu ina B6, kinywaji cha kuongeza nguvu kina B6, na kile cha kliniki kipo. Kila kimoja peke yake ni kidogo. Jumla yake ndiyo unayomeza.

Vitu vingine vinavyouzwa kwa jina la mishipa ni hivi. B12 inamsaidia mtu aliyepungukiwa nayo, kwa mfano mwenye kisukari aliyetumia metformini miaka mingi, kwa sababu dawa hiyo hupunguza B12 mwilini. Huyo apimwe na atibiwe. Lakini B12 haizibi pengo la B6. Alfa lipoiki asidi imefanyiwa utafiti zaidi kwa ganzi ya kisukari, na matokeo yake hayakubaliani. Kwa ganzi iliyoletwa na dawa za kuua viini hakuna ushahidi wa kukufanya uuze redio uinunue. Kirutubisho chenye kazi inayojulikana katika jambo letu la leo ni kile kidogo, cheupe, ambacho mgonjwa wa kifua kikuu hupewa pamoja na dawa zake. Ikitokea kituo kimeishiwa, omba uandikiwe jina na kipimo kwenye karatasi, ununue B6 peke yake kwa kipimo hicho hicho. Usichukue chupa kwa sababu ina picha ya mtu anayekimbia.

Si kila ganzi ni ya B6

Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu mtu anaweza kuondoka hapa akidhani B6 ni dawa ya kila ganzi.

Kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida, siku hizi kinaweza kutibiwa kwa miezi 6 kwa dawa mpya ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka wa 2022. Moja yake ni linezolidi. Nayo huleta ganzi, lakini kwa njia nyingine: inazuia vile vijitambo vya ndani ya seli vinavyotengeneza nguvu. Hapo B6 haizuii kitu. Katika utafiti mmoja wa Afrika Kusini, kwa kipimo cha miligramu 1,200 kwa siku, wagonjwa 81 katika kila 100 walipata matatizo ya mishipa. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba kwa miligramu 600 idadi hiyo ilishuka hadi 24 katika kila 100, na wengi sana walipona kifua kikuu. Kilichosaidia ni daktari kupunguza kipimo, na daktari hawezi kupunguza asichoambiwa. Kwa hivyo mgonjwa wa linezolidi asijitibu ganzi kwa vitamini akanyamaza. Aseme wiki ile ile. Pia aseme macho yakianza kuona ukungu.

Kuna na hizi tunazonunua wenyewe. Metronidazoli, ile ya tumbo la kuendesha, ikimezwa zaidi ya wiki nne inaweza kuleta ganzi. Nitrofurantoini ya mkojo, ikitumiwa muda mrefu, hasa kwa mwenye figo dhaifu, vilevile. Siprofloksasini na ndugu zake, mwaka wa 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba ganzi yake inaweza kuja haraka na isiondoke. Kwa dawa hizi, tiba ya kwanza ni daktari kuamua kuzisimamisha au kuzibadilisha mapema. Hakuna chupa ya dukani inayoweza kufanya kazi hiyo wakati unaendelea kumeza kinachokuumiza. Na wewe unayerudi duka la dawa kila mwezi kununua dawa ile ile ya tumbo bila kupimwa, uliza tumbo lina nini.

Halafu kuna ganzi isiyohusiana na dawa. Kisukari ndicho cha kwanza. Virusi vya UKIMWI. Pombe. Na msisahau ukoma, haujaisha Kenya. Ukiwa na baka kwenye ngozi ambalo ukiligusa huhisi, hilo si jambo la vitamini hata kidogo. Ukoma unatibika kabisa, na ukiwahi haukuachi na kilema.

Ufanye nini

Ukianza kuhisi siafu miguuni na uko kwenye dawa za kifua kikuu, usiziache. Hili ndilo kubwa kuliko yote niliyosema. Dawa zikiachwa katikati, viini vilivyobaki hujifunza, kifua kikuu kikarudi kikiwa sugu, na matibabu ya kifua kikuu sugu ndiyo yenye linezolidi. Mtu anakimbia ganzi ndogo anakutana na kubwa.

Rudi kituoni ulikoanzia, usingoje tarehe ya kadi. Iwe ni Coast General, Tudor, Likoni, Port Reitz au zahanati ya mtaani, chukua mfuko uweke kila unachomeza: za hospitali, za dukani, za mitishamba. Usione haya. Sema ganzi ilianza lini na imefika wapi. Omba kupimwa sukari. Na macho au ngozi ikiwa ya manjano, au ukitapika bila kukoma, au rangi nyekundu na kijani zikianza kukuchanganya, nenda siku hiyo hiyo, hayo ni mambo mengine ya dawa hizi na hayangoji.

Nyumbani, tunza miguu isiyohisi. Itazame kila usiku, nyayo na katikati ya vidole, au mwambie mtoto akutazamie. Usiiweke kwenye maji ya moto bila kuyapima kwa kiwiko. Usiiotee jikoni. Vaa viatu vilivyofungwa, msumari haubishi hodi.

Na nyinyi wahamasishaji wetu wa afya ya jamii, mnaoingia nyumba kwa nyumba na mikoba yenu, nina ombi moja. Mkimtembelea mgonjwa wa kifua kikuu, msiulize tu "Unameza dawa?" Atajibu ndiyo, na mjomba wangu angejibu ndiyo. Ulizeni, "Na ile ndogo, iko wapi?" Kisha muione.

Mjomba alirudishiwa B6, kwa kipimo kikubwa kidogo kwa muda, chupa yangu ikasimamishwa, akapimwa sukari ikawa sawa, na akaendelea na dawa mpaka akamaliza. Moto wa usiku ulipungua baada ya wiki chache. Makohozi yakatoka safi, kifua kikuu kimekwisha. Lakini vidole viwili vya mguu wa kushoto mpaka leo havina habari. Mshipa uliochelewa kusaidiwa hupona polepole, na wakati mwingine haurudi wote. Bado anakuja hapa Laitihausi jioni kutazama meli zikiingia Kilindini, ila siku hizi amevaa raba, si makubadhi.

Ile sentensi niliyoikata redioni nairudisha leo, kwa sauti, ili isinilalie: kile kidonge kidogo cha vitamini mnachopewa pamoja na dawa za kifua kikuu, msikiache.

Mwenye swali aulize.

Baadhi ya maswali na majibu

Mama mmoja aliuliza: Mwezi wa Ramadhani tunameza vipi?
Dawa za kifua kikuu na B6 humezwa mara moja kwa siku, kwa hivyo wengi walio na nguvu hupangiwa kuzimeza usiku, wakati wa daku au baada ya kufuturu. Zungumza na kliniki yako kabla ya mwezi kuandama ili mpange pamoja. Mgonjwa aliyedhoofika ana ruhusa ya kutofunga, na viongozi wetu wa dini wanalijua hilo. Jambo lisilo na ruhusa ni kuruka dozi kimyakimya.

Kijana mmoja aliuliza: Habasoda na mlonge vinaweza kuchukua nafasi ya B6?
Haviwezi. Kama ni kiungo ndani ya chakula, endelea. Lakini mchanganyiko wa mitishamba unaokunywa kama dawa umwambie mhudumu, kwa sababu dawa za kifua kikuu tayari zinalipa ini kazi kubwa, na baadhi ya mitishamba inaliongezea mzigo.

Mama anayenyonyesha aliuliza: Mimi niko kwenye dawa. Mtoto wangu je?
Endelea kunyonyesha. Wewe unahitaji B6, na mtoto anayenyonya kwa mama anayemeza isoniazidi huenda naye akahitaji kipimo chake kidogo. Usimgawie kidonge chako. Mpeleke apimwe uzito, aangaliwe kama naye anahitaji kinga ya kifua kikuu, na aandikiwe kinachomfaa.

Mzee mmoja aliuliza: Nilimaliza dawa miaka miwili iliyopita na ganzi bado ipo. Niendelee na vitamini?
Usiendelee miaka na miaka bila kupimwa. Inawezekana mshipa uliumia na haukurudi, inawezekana ni kisukari kimeingia baadaye, na inawezekana ni hiyo hiyo vitamini imezidi. Leta chupa unazotumia kituoni, zigeuzwe nyuma zisomwe.